Kiboko Aliyelelewa na Kobe

Wako wazee wasemao kuwa vitabu vya watoto vyenye hadithi za wanyama ni upuuzi, kwani humfanya mtoto ajione kuwa kitu asicho. Mimi sioni hivyo, na ushahidi wangu ni kitabu cha picha chenye kisa cha papa hapa pwani.

Kitabu hicho, Owen & Mzee, kilichapishwa mwaka 2006. Waliokiandika ni Isabella Hatkoff, aliyekuwa bado msichana mdogo, babake Craig, na Paula Kahumbu. Picha ni za Peter Greste. Kisa chenyewe ni cha kweli. Disemba 2004, mtoto wa kiboko aliyechukuliwa na mafuriko ya Mto Sabaki hadi baharini alibaki peke yake baada ya mawimbi ya tsunami. Watu wa Malindi, wavuvi wakiwemo, walimwokoa kwa nyavu, akapelekwa Haller Park, Bamburi. Huko alimkimbilia Mzee, kobe wa asili ya Aldabra aliyekisiwa kuwa na miaka 130, akajibanza nyuma yake. Mwanzo Mzee alimkwepa. Hatimaye wakawa wakila pamoja na kulala pamoja.

Watu wakasema kiboko amepata mama. Kumbe Mzee ni dume! Waliojifanyia hadithi si wanyama, ni sisi.

Jambo hili latuhusu Waislamu. Dini yatuhimiza kumlea yatima, lakini Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, yaamrisha mtoto wa kulea aitwe kwa jina la babake. Malezi yana thawabu, nasaba haibadilishwi. Hata hivyo, wako walezi wanaomficha mtoto asili yake kwa kuona haya au kwa kuogopa kumpoteza. Siku akiijua kwa mdomo wa jirani, huumia mara mbili.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Owen aliiga mienendo ya kobe, naye akabaki kiboko. Baadaye akakutanishwa na kiboko jike, Cleo.

Basi mtoto akitambaa ukumbini akijiita kobe, asikemewe. Mchezo haumpotezei mtu asili yake. Kinachoipoteza ni kufichwa. Tuwasimulie watoto kisa hiki kwa Kiswahili chetu, na mmoja wao akiuliza yeye ni mwana wa nani, ajibiwe kweli.