Penalti ya bure kwenye simu si pari: wazazi wajue tofauti

Katika kartie nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, kijana anayeinamia simu anashukiwa haraka. Mzazi akiona mpira na goli kwenye kioo, anasema mara moja: huyu naye ameanza kucheza pari. Wakati mwingine mzazi ana haki, kwa sababu kuna nyumba ambamo pari imekula pesa za masomo na mtaji wa biashara ndogo ya mama. Lakini wakati mwingine kijana anapiga tu penalti za bure, ndani ya Chrome au Opera, na hakuna hata franka moja iliyotoka mfukoni. Kuvitia vitu hivyo viwili katika kapu moja ni kosa, na kosa hilo linawasaidia wenye pari kuliko linavyowasaidia watoto.

Mchezo wenyewe hauna makubwa. Ukurasa unafunguka, goli linaonekana, golikipa anasogea kushoto na kulia. Kidole kinagusa kioo, mpira unaenda. Hakuna programu ya kupakua, hakuna jina wala namba ya simu ya kuandikisha. Raundi moja inaisha kabla motari hajapata abiria, au kabla mteja mwingine hajafika kwenye meza ya muuzaji wa yuniti. Mchezaji akikosa, anaanza tena papo hapo, na hakuna wa kumdai kitu.

Mvuto wa namna hiyo si wa leo. Mwaka 1972, kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Pong: vijiti viwili na nukta moja nyeupe, vikiigiza tenisi ya meza. Kazi ya mchezaji ilikuwa moja tu, kutoacha mpira upite. Mwezi wa nane 2012, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya London, Google iliweka kwenye ukurasa wake wa kwanza michezo midogo ya kuruka viunzi, mpira wa kikapu, mtumbwi, na mpira wa miguu ambamo mchezaji alikuwa golikipa.

Mwaka 2017 ikaja ya kriketi, ambamo nyenje walipiga mpira na konokono walirusha na kuukimbilia. Kwa Kiingereza, nyenje na mchezo huo vina jina moja. Mchezaji alihitaji kugusa kitufe kimoja tu, kwa wakati wake. Hata mtu ambaye hajawahi kuona uwanja wa kriketi alielewa ndani ya dakika moja. Walioutengeneza walihakikisha pia kwamba ni mwepesi sana, ili ufunguke hata mahali ambapo mtandao ni dhaifu.

Wepesi huo unawagusa Wakongo moja kwa moja. Hapa watu wengi wananunua mega za siku moja, na koneksio inakatika bila kuaga. Michezo mikubwa ya mpira inahitaji simu ya bei na nafasi kubwa ya kuhifadhi. Ule mdogo unafunguka kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Yule dinosauri wa Chrome, aliyewekwa mwaka 2014, anakimbia hata bila mtandao wowote. Kwa hiyo anayesema kwamba michezo hii ni anasa ya watoto wa matajiri hajaitazama vizuri.

Na kwa nini penalti inapendwa kuliko mengine? Jibu lilionekana tarehe 28 Januari 2024, mjini San Pédro, Côte d'Ivoire, katika Kombe la Afrika. Léopards na Misri walimaliza 1-1, wakaenda kwenye penalti, na golikipa Lionel Mpasi mwenyewe akapiga ya mwisho na kufunga. Kongo ikashinda 8-7. Mtu mmoja, mpira mmoja, goli moja: hakuna sehemu ya mpira iliyo rahisi kueleweka kuliko hiyo, wala inayobana moyo kuliko hiyo. Mchezo mdogo wa simu unachukua dakika hiyo na kumpa kila mtu, mara 20 kwa siku akitaka.

Tatizo ni kwamba wenye pari nao wameliona hilo. Kwenye kurasa zao kuna michezo ya penalti yenye golikipa na nyavu kama zile zile. Kwa macho, hakuna tofauti. Ndani, tofauti ni kubwa.

Katika mchezo wa bure, jicho na kidole ndivyo vinavyoamua. Golikipa ana mwendo wake, na mwendo huo unajifunzwa. Aliyefunga 5 jana anaweza kufunga 9 leo kwa sababu amezoea. Katika mchezo wa pari, kidole hakiamui kitu. Programu inachagua matokeo kwa bahati, na hesabu imepangwa ili, raundi zikiwa nyingi, mwenye nyumba abaki na sehemu yake. Hata kijana akifanya mazoezi mwaka mzima, hesabu hiyo haibadiliki. Wa kwanza unamzoeza kurudia mpaka aweze. Wa pili unamzoeza kufukuzia pesa zilizokwisha kupotea.

Wapo wanaosema kwamba mchezo wa bure ndio mlango wa pari. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kurasa nyingi za bure zinaishi kwa matangazo, na kati ya raundi mbili tangazo la pari linaweza kujitokeza likiahidi zawadi ya kuanzia. Kidole kikikosea kidogo, mtoto ameingia. Kuna pia suala la saa na chaji: mtoto anayecheza mpaka usiku wa manane atasinzia darasani, na simu ya nyumbani itazimika siku ambayo umeme haupo.

Lakini dawa yake si kunyang'anya simu na kupiga kelele. Kijana anayeitwa mcheza pari wakati anacheza bure ataona kwamba mzazi hajui anachosema, na siku akianza pari ya kweli hatasikiliza tena. Afadhali mzazi aketi kando yake, atazame raundi mbili, kisha aulize maswali matatu. Je, mchezo unaomba pesa au namba ya simu? Je, unaahidi pesa kwa anayeshinda? Je, anayezoea anakuwa hodari zaidi? Ukitaja pesa, hiyo ni pari, hata picha zake zikiwa za kitoto namna gani. Mzazi naye akijaribu kupiga penalti chache, atajua zaidi kuliko kwa kusikia habari za jirani.

Walimu wa informatiki na wanafunzi wao nao wana kazi hapa. Mchezo wa penalti wa namna hii hauhitaji kampuni kubwa. Ukurasa mmoja wa HTML na JavaScript unatosha, na vijana wanaojua kuandika hivyo wapo Goma, Bukavu na Bunia. Penalti ya Léopards, nyepesi, kwa Kiswahili, isiyo na tangazo hata moja, ingekuwa kazi nzuri ya mwisho wa mwaka. Watoto wangepata mahali pa kupigia mpira ambapo hakuna anayewavizia mfukoni.