Ajali Sufuri? Tuache Kudanganyana

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na najua kuna wanaongojea sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Itakuja. Leo nina jambo jingine kifuani, na nisipolitoa sitalala.

Wiki jana nilitumiwa picha ya keki. Juu ya keki kumeandikwa kwa sukari nyeupe kwamba kiwanda fulani hapa Nairobi kimetimiza siku 365 bila ajali. Nyuma yake wamesimama mameneja, kila mmoja na fulana mpya na helmeti ambayo haijapata hata mkwaruzo mmoja. Kiwanda chenyewe sitakitaja. Lakini nakijua vizuri, maana programu iliyohesabu hizo siku 365 niliiandika mimi. Na nawaambia bila kumung'unya maneno: hesabu hiyo ni ya uongo.

Hebu niwaeleze ilivyokuwa.

Kiwanda hicho hutengeneza katoni. Wakubwa waliamua kwamba wanataka "mageuzi ya usalama". Akaletwa mshauri, yakabandikwa mabango (kwa Kiingereza, ingawa sakafuni watu huongea Kiswahili), ikatungwa kauli mbiu ya Ajali Sufuri. Kila idara ambayo ingemaliza miezi mitatu bila ajali ingepewa marupurupu. Mimi nikapewa kazi ya kuandika programu: tableti itundikwe ukutani, mtu akiumia au akiona hatari ajaze fomu, abofye Tuma, basi. Idara ya wafanyakazi ikaniambia nambari ya mfanyakazi iwe ya lazima, ati watu wasilete mchezo. Nikaandika. Mistari mitatu tu ya msimbo. Nikalipwa, nikaenda zangu.

Baada ya miezi michache ripoti za ajali zilikuwa karibu zimekwisha. Mkurugenzi alifurahi. Nami nilifurahi, nisiwadanganye. Nilikuwa tayari nimeiweka kazi hiyo kwenye orodha ya mambo ya kujivunia.

Halafu tableti moja ikaharibika nikaenda kuitengeneza. Karibu na mashine ya kukata alikuwa amesimama kibarua mmoja wa umri wa baba yangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji, na vidole viwili havikuwepo. Nikamuuliza, "Mzee, hii uliripoti?"

Akaitazama ile tableti, akanitazama mimi. "Kijana wangu, hiyo mashine yako hainijui."

Hakuongeza neno. Nilielewa nikiwa kwenye matatu kurudi mjini. Vibarua huchukuliwa asubuhi langoni na kulipwa mwisho wa wiki. Hawana nambari ya mfanyakazi! Usiku huo nilifungua kumbukumbu za seva. Fomu zilizokataliwa kwa kukosa nambari zilikuwa nyingi kuliko zilizopokelewa. Na kwa kuwa programu ilikuwa inazikataa kabla ya kuzihifadhi, hakuna ajuaye ziliandikwa nini. Hatutajua kamwe.

Nikaulizia zaidi. Kumbe kifuniko cha kukinga mikono kwenye mashine ile kilikuwa kimeondolewa kwa wiki kadhaa ili kazi iende mbio. Kila mtu wa zamu alijua. Waliokuwa na nambari walinyamaza, kwa sababu ripoti moja ingeinyima idara nzima marupurupu, na nani anataka kuwa adui wa wenzake mwezi wa karo? Wasiokuwa na nambari walijaribu kusema, na mimi nikawa nimewafungia mlango.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mnaoendesha kampuni na ninyi wenzangu mnaoandika programu. Kilichobadilika kiwandani pale ni hesabu tu. Hatari ilibaki palepale. Ukimlipa mtu ili asiwe na ajali, unachonunua ni kimya chake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye kiwanda kilio hicho huja na damu.

Msidhani ni mambo ya viwanda vidogo vya kwetu. Tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa. Je, mnajua nani walikuwa wametembelea mtambo huo siku hiyohiyo? Wakubwa wa kampuni ya BP na wa Transocean, iliyomiliki mtambo. Na mojawapo ya mambo ya kupongezwa katika ziara hiyo ilikuwa miaka saba bila mfanyakazi kukosa kazi kwa kuumia! Vidole vilikuwa salama, ngazi zilikuwa na vyuma vya kushikilia, lakini kisima chenyewe kilikuwa kinaelekea kulipuka. Mwaka uliofuata Transocean ikawaambia wenye hisa kwamba 2010 ulikuwa mwaka wake bora kabisa kwa usalama kulingana na vipimo vyake, na wakubwa wake wakapewa bonasi ya usalama. Watu walipopiga kelele, wakubwa hao wakasema wataitoa kwa mfuko wa familia za waliofariki. Hiyo ndiyo hasara ya kuabudu takwimu. Mizani inaweza kusema mambo ni mazuri kabisa huku maiti 11 hazijapatikana.

Nanyi waandishi wa programu msicheke, tuna aibu yetu. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya mionzi ya kutibu saratani iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapa wagonjwa sita dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Modeli iliyotangulia ilikuwa na vizuizi vya umeme vilivyozuia mionzi mikali isipite vibaya. Katika modeli mpya vizuizi hivyo viliondolewa, kazi yote ikaachiwa programu. Hospitali zilipolalamika, mtengenezaji alijibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Na nani aligundua hitilafu? Huko Tyler, Texas, ni mhudumu aliyekuwa akiiendesha mashine hiyo pamoja na mwanafizikia wa hospitali. Walirudiarudia kuandika kwa kasi ileile aliyokuwa nayo mhudumu kazini hadi mashine ikakosea mbele ya macho yao. Mwenye mkono juu ya mashine alijua asichokijua aliyeitengeneza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua majibu ya mameneja, nimeyasikia mezani mara nyingi. La kwanza: "Wafanyakazi wetu ni wazembe, ukiwapa glavu wanaenda kuziuza." Sawa, labda yupo anayeuza. Lakini glavu haikuondoa kifuniko cha mashine. Kifuniko kiliondolewa kwa idhini ya mtu mwenye ofisi, kwa sababu oda ilikuwa imechelewa. Uzembe wa mtu wa chini tunauita uzembe, ule wa mtu wa juu tunauita uzalishaji. La pili: "Tukiruhusu kila mtu kusimamisha mashine tutafilisika." Toyota wana kamba juu ya mstari wa kuunganisha magari, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta. Kiongozi wa kikundi anakuja, na jambo lisipotatuliwa kwa wakati mstari unasimama. Mnaionaje Toyota, imefilisika? Hesabuni magari yao mkiwa Thika Road.

La tatu ndilo wanaloliamini zaidi: kwamba usalama ni gharama, faida ni faida. Mwaka 1987 Paul O'Neill alichukua uongozi wa Alcoa, kampuni kubwa ya alumini Marekani. Katika hotuba yake ya kwanza kwa wawekezaji alizungumzia usalama wa wafanyakazi, na baadhi yao wakadhani ameruka akili. Aliagiza kwamba mtu akiumia, mkuu wa kitengo amjulishe ndani ya saa 24 na aeleze jambo hilo litazuiwaje lisirudi. Fikirini maana yake. Ili mkuu ajue ndani ya saa 24, lazima meneja ajue upesi, na ili meneja ajue, lazima msimamizi aambiwe papo hapo na asimfokee aliyemwambia. Amri moja ikageuza njia ya habari katika kampuni nzima. Kiwango cha kukosa kazi kwa kuumia kilishuka kutoka 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 hadi karibu 0.2 alipoondoka mwaka 2000. Faida nayo ilipanda.

Tofauti iko wapi kati ya Alcoa na kiwanda changu cha katoni? Wote walisema usalama kwanza. Wote walihesabu ajali. Lakini kwa O'Neill aliyekuwa matatani ni mkuu aliyechelewa kuleta habari mbaya. Kwetu aliyekuwa matatani ni yule aliyeileta. Hapo ndipo mageuzi hufa au huishi. Mabango, fulana, mshauri na tableti ni mapambo.

Wala msiseme hatuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote pa kazi, awe mtu yupo kwa muda au kwa kudumu. Soma tena: kwa muda! Kibarua yumo. Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Mahali pa kazi panatakiwa pakaguliwe angalau mara moja kila miezi 12. Mfanyakazi akiona hatari iliyo karibu anatakiwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi pale kabla hatari haijarekebishwa. Ajali ya kuua inatakiwa iarifiwe ofisa wa usalama ndani ya saa 24. Na Sheria ya Fidia, nayo ya 2007, inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Sasa mzee wangu wa vidole viwili adai kwa ushahidi gani, ikiwa programu ya kiwanda inasema siku hiyo hakuna aliyeumia?

Basi, kama kweli mnataka mageuzi, fanyeni haya kabla ya kumwita mwandishi wa programu:

1. Futeni marupurupu ya ajali sufuri. Mkitaka kulipa, lipeni kwa hatari zilizoripotiwa na kurekebishwa.

2. Kibarua wa siku ya kwanza awe na uwezo wa kusimamisha mashine, na siku ya kwanza atakayeisimamisha, meneja mwenyewe ashuke kumshukuru mbele ya wenzake. Watu wataamini wakiona, si wakisoma bango.

3. Kila ripoti ijibiwe, kwa Kiswahili, ubaoni, hata kama jibu ni kwamba jambo halitawezekana mwezi huu. Ripoti isiyojibiwa ni somo kwamba kusema ni kujisumbua.

4. Ripoti zikiongezeka miezi ya kwanza, msishtuke. Hizo ndizo ajali zilizokuwepo siku zote, sasa mnaziona.

Na kwetu sisi waandishi wa programu nina moja tu: kabla ya kuweka kisanduku cha lazima kwenye fomu, nenda ukasimame karibu na mashine zamu nzima, uone nani hawezi kukijaza. Mimi sikwenda. Nilikaa ofisini kwenye kiyoyozi nikapokea maagizo ya watu ambao mikono yao haigusi kisu.

Mtaniuliza nilifanya nini baada ya kugundua. Nilikiondoa kile kisanduku usiku uleule, na asubuhi nikawajulisha. Mwezi huo ripoti zilifurika. Niliitwa ofisini nikidhani tutazungumza kuhusu mashine ya kukata. Nikaulizwa kwa nini nimeharibu takwimu, nikaagizwa nirudishe kisanduku kama kilivyokuwa. Nikakataa. Mkataba wangu ukaishia hapo, na mtu mwingine akakirudisha. Ni mistari mitatu tu, nilishawaambia.

Ndiyo maana hesabu ikafika siku 365. Ndiyo maana kuna keki.

Mzee yule sijui yuko wapi sasa. Nilirudi langoni asubuhi mbili kumtafuta nimpe nakala ya kumbukumbu za seva, angalau zionyeshe kwamba siku ile kuna mtu alijaribu kusema. Wenzake waliniambia tangu mkono ule haji tena, kwa sababu pale langoni huchaguliwa wenye mikono miwili mizima.

Nakala hiyo bado ninayo. Kama unaandika programu na umeombwa kitu cha namna hii, niandikie, tusaidiane kukataa.