Aambiwe Yote Kabla ya Sindano

Vidonge vya majira vina asili ya kiazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alikwenda jimbo la Veracruz nchini Mexico kutafuta kiazi mwitu chenye dutu iitwayo diosijenini. Aliigeuza dutu hiyo maabarani ikawa projesteroni, homoni ambayo hapo kabla ilikamuliwa kidogo kidogo kutoka viungo vya wanyama na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Mwaka 1944 alishiriki kuanzisha kampuni ya Syntex, na mwaka 1951 wakemia wa kampuni hiyo wakatengeneza norethisteroni, ambayo hadi leo imo katika baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960.

Habari hii inafaa isimuliwe Morogoro, kwa sababu mizizi na unga wa majani unaouzwa mjini husifiwa kwa maneno mawili tu: ni vya asili, havina kemikali. Muuzaji akitaja sindano au kijiti, huvitaja kama sumu ya kigeni. Akitaja chupa ya dawa yake, anazungumzia milima ya Uluguru. Mpaka kati ya mmea na dawa haujanyooka hivyo. Na kwa upande wa pili, mama atakayekula kiazi kikuu kila siku hatapata projesteroni hata chembe, maana mwili wa binadamu hauwezi kufanya ile kazi aliyoifanya Marker maabara.

Lakini anayemcheka mnunuzi wa mizizi hiyo amekosa shabaha. Mnunuzi huyo, mara nyingi, alianzia zahanati. Alichomwa sindano ya miezi mitatu, au akawekewa kijiti mkononi, na baada ya wiki kadhaa mwili ukaanza kufanya mambo ambayo hakuambiwa. Wauguzi huyaita maudhi madogo madogo. Huenda ni madogo kwenye chati ya kliniki. Kwa mwanamke anayelima matuta ya Nyandira yaliyosimama kama ukuta, anayebeba ndoo ya maji kichwani na kuhesabu shilingi za pedi, damu inayotoka matone matone kwa wiki tatu ni jambo kubwa. Kwa Mwislamu, na Morogoro ina Waislamu wengi, matone hayo yanagusa sala, funga na unyumba. Fiqhi inatenganisha hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, na mwenye istihadha husali. Lakini mtu ambaye hakuandaliwa kwa hali hiyo atajuaje siku ipi aihesabu vipi, na amuulize nani?

Maelezo ya kitabibu yapo na si magumu. Sindano ya Depo-Provera ni miligramu 150 za homoni inayofanana na projesteroni. Inazuia yai kupevuka na inaufanya ukuta wa mji wa mimba kuwa mwembamba. Ukuta ukiwa mwembamba, damu huvuja ovyo miezi ya mwanzo, kisha kwa wengi hukoma kabisa. Baada ya mwaka mmoja wa kuchoma, karibu nusu ya wanawake hawaoni siku zao. Damu haijikusanyi tumboni kusubiri kulipuka, kama inavyosemwa. Haipo. Kwa baadhi ya wanawake uzito huongezeka, na mifupa hupungua uimara kiasi wakati wa matumizi, halafu kwa sehemu kubwa hurejea baada ya kuacha. Vijiti hutumia homoni za jamii hiyohiyo kwa kiwango kidogo zaidi: kile cha ufito mmoja kwa miaka mitatu, kile cha fito mbili kwa miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vijiti vimekwisha kuipita sindano kwa matumizi nchini.

Jambo moja hasa huwapa waganga sifa wasiyoifanyia kazi. Mwanamke akiacha sindano, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi. Kwa wastani huchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Asipoambiwa, mwezi wa tano ataanza kuamini kwamba kizazi kimefungwa. Uluguru hofu hiyo ina uzito wake, kwa kuwa Waluguru hufuata ukoo wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mamaye na ardhi ya ukoo imekuwa ikipita upande wa kike. Mwanamke anayedhani amekuwa tasa haogopi peke yake. Mjomba na bibi nao wanahesabu. Basi hutafutwa chupa ya kusafisha kizazi, au pakiti ya kurekebisha homoni zilizovurugika kutoka kwa tangazo la simu. Mwezi wa tisa au wa kumi mimba inashika, kama ambavyo ingeshika bila chupa. Majirani wote wanaisikia habari ya chupa. Habari ya miezi kumi haisikiki, kwa sababu hakuna aliyeisema mwanzoni.

Njia zisizo na homoni zipo, na baadhi zina nguvu kweli. Wazee wa Uluguru, kama wa sehemu nyingi za nchi, walimtisha mama aliyepata mimba nyingine akiwa ananyonyesha kwamba amembemenda mtoto. Ufafanuzi wa ugonjwa haukuwa sahihi, ila nafasi kati ya watoto iliyolindwa na hofu hiyo ilikuwa na faida. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa asilimia 98, kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na mama hajaanza kuona siku zake. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Uji wa miezi minne umezaa wadogo wengi.

Shanga za kuhesabu siku nazo zina utafiti nyuma yake, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani. Mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 hujizuia au hutumia kondomu kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Kwa matumizi ya kawaida, ya watu wanaosahau na kubishana, wanawake kama 12 kati ya 100 hushika mimba kwa mwaka. Familia za Kikatoliki zinaweza kukutana pia na mafundisho ya kuchunguza ute wa uzazi, yanayotokana na kazi ya madaktari Waaustralia John na Evelyn Billings. Njia zote hizi zinamdai mume ushirikiano. Mume anayerudi amelewa hazingatii rangi ya shanga, na ushauri unaolikwepa hilo ni ushauri nusu. Tena aliyetoka kwenye sindano asikimbilie shanga kesho yake. Asubiri mzunguko utulie.

Njia inayosahaulika kupita kiasi ni kitanzi cha shaba. Hakina homoni hata kidogo, hukaa miaka kumi au zaidi, na mimba ni chini ya moja kwa wanawake 100 kwa mwaka. Miezi ya mwanzo kinaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi, na hilo nalo lisemwe. Mwanamke anayesema "sitaki homoni" anastahili kuonyeshwa kitanzi kabla ya kuachwa aende kwa muuza mizizi.

Mizizi yenyewe isitupwe kapu moja. Tangawizi imepunguza maumivu ya hedhi katika majaribio kadhaa, na mdalasini wa Uluguru ni kiungo kizuri cha chai. Kuzuia mimba ni jambo jingine. Mbegu za mnyonyo ambazo watu hushauriana kuzimeza zina risini, sumu inayoweza kuua zikitafunwa. Nchi inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, na Muhimbili ina taasisi ya tiba asili. Muuzaji asiyejulikana na vyombo hivyo anauza maneno.

Kuna sehemu ya mkoa huu inayoonyesha kwa nini kanuni moja haimfai kila mwanamke. Mahenge, wilaya ya Ulanga, kifafa kimekuwa kingi kwa vizazi. Daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dawa za kifafa kama fenobabitoni hulichochea ini kuvunja homoni haraka, hivyo vidonge vya majira na vijiti hupungua nguvu kwa mwanamke anayezimeza. Sindano ya Depo haiathiriki kwa namna hiyo. Kwake, ile inayolalamikiwa kuliko zote inaweza kuwa salama zaidi dhidi ya mimba, sawa na kitanzi cha shaba. Muuguzi asipouliza "unatumia dawa gani nyingine?" hawezi kujua.

Lawama kubwa hapa si ya mwanamke wala ya mganga. Ni ya huduma inayoogopa kwamba ukweli utamkimbiza mteja. Kinachotokea ni kinyume: aliyeambiwa kwamba damu itavurugika huvumilia, au hurudi kuuliza. Akirudi, kuna cha kumpa. Damu inayosumbua kwa mwenye kijiti inaweza kutulizwa kwa ibuprofeni ya siku chache au kwa vidonge vya majira vya muda, akishapimwa kuhakikisha hana presha, mimba wala maambukizi. Na anayetumia vidonge vyenye homoni mbili aambiwe waziwazi kwamba maumivu makali ya kifua, mguu mmoja kuvimba au kichwa kuuma vikali pamoja na maluweluwe si maudhi madogo; ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Linabaki suala la kutoa kijiti. Huduma ya mkoba hupanda mlimani na gari, wauguzi na maboksi ya vijiti, na siku moja inatosha kuwahudumia wengi. Mwanamke akitaka kutolewa miezi minne baadaye, gari halipo, na zahanati ya karibu inaweza kukosa aliyefunzwa au koleo la kazi hiyo. Akifika penye mtaalamu, hutokea akaombwa avumilie kidogo, kana kwamba mkono si wake. Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kutoa ni sehemu ya huduma. Halmashauri zinazopanga ratiba ya Bunduki au Tegetero zitangaze tarehe ya kurudi kwa wanaotaka kutolewa siku ileile ya kuweka, na zahanati ziandikiwe nani anaweza kutoa, na siku gani yupo.