Butura ya Ufukwe

Kosa nililifanya mwenyewe, kwa simu yangu mwenyewe. Januari nilikuwa nyumbani kwa likizo, na asubuhi moja nikateremka hadi kwenye ziwa dogo lililo bondeni, upande ule ambao Karagwe na Kyerwa zinatazamana na Mto Kagera. Ukungu ulikuwa haujapanda. Palikuwa na kipande cha mchanga chenye urefu wa hatua arobaini hivi, kimebanwa na mafunjo kulia na kushoto. Palikuwa na mtumbwi mmoja uliolazwa ubavu, na maji yametulia kama yamewekwa kwenye sinia. Nikapiga picha. Chini yake nikaandika: “Ufukwe ambao haujaguswa na mtu.” Nikaongeza na jina la kijiji, ili watu wa mjini wajue kwamba sisi nasi tunacho cha kuonyesha.

Jioni nilimwonyesha bibi. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaniomba nimsomee maneno. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Huu mtumbwi ni wa nani?” Nikamtajia mwenyewe, maana namfahamu. “Na hii njia inayoshuka majini, imejikanyaga yenyewe?”

Niliiangalia tena picha yangu. Kweli njia ilikuwapo, nyekundu, imechimbika kwa miguu ya watu na kwato za ng’ombe, inashuka katikati ya picha mpaka majini. Nilikuwa nimeipiga bila kuiona.

Wiki mbili baadaye baba mdogo alipigiwa simu na dalali. Kuna mtu wa Dar es Salaam ameipenda sehemu, anataka kipande kinachogusa maji. Atatoa fedha kidogo sasa hivi, nyingine karatasi zikikamilika. Shamba la baba mdogo ndilo linaloishia pale kwenye mchanga, na njia ya bibi inapita ndani yake.

Kama hujakulia Kagera, neno butura huenda hulijui. Ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Mwezi huu wa Januari unadaiwa sare na michango ya shule, mgonjwa yuko hospitali, na mbuni nyuma ya nyumba haujazaa hata punje. Anakuja mtu mwenye fedha taslimu, anaitazama mibuni yako, anakupa sehemu ndogo ya thamani yake. Kahawa ikiiva ni yake. Unaichuma kwa mikono yako, unaianika uani kwako, halafu anakuja kuibeba. Viongozi wameikemea butura miaka nenda miaka rudi na bado haijafa, kwa sababu shida haingoji msimu. Kila mtu wa kwetu anajua ubaya wake. Anayeuza naye anaujua, na anauza hivyo hivyo.

Ninachosema ni hiki: maneno “ufukwe ambao haujaendelezwa” ni lugha ya butura. Ni namna ya kuitazama mali ya watu ikiwa maua na kuipangia bei kana kwamba haina mwenyewe. Na wapiga debe wakubwa wa lugha hiyo ni sisi vijana tuliosoma, tena tunaifanya kazi hiyo bure, kwa ajili ya kupendwa mtandaoni.

Haujaguswa na nani? Mwaka 1861 Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, Bweranyange. Walipokelewa vizuri, wakalishwa, wakakaa. Chini ya kilima cha ikulu kulikuwa na ziwa. Grant akaona linafanana na ziwa moja la kwao Uingereza, na Speke akaliandika kitabuni kwa jina la Little Windermere. Ziwa hilo lilikuwa na watu waliolivua na kulinywa, na mfalme aliyelitazama kila asubuhi. Lakini kwa mgeni lilikuwa bado halijawa kitu mpaka lifanane na kitu cha kwao. Tunamcheka Speke darasani, kisha tunateremka ziwani na simu na kuandika “Maldives ya Kagera”. Tofauti yetu naye ni kwamba yeye alikuwa mgeni kweli.

Na ukimya wenyewe tunaousifu una historia. Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria, na watu wa huku wakaacha kula samaki. Mwaka huo huo maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walivuka na kupiga kambi katika Karagwe ya wakati huo, kabla Kyerwa haijawa wilaya. Walikata miti kwa ajili ya kuni, walichota maji, walizika. Kisha wakaondoka. Kuna kingo za maji upande wetu ambako wazee hawakai jioni, na hawatakueleza sababu usipowauliza. Anayekuja na kusema “hapa pametulia, hapajawahi kutokea kitu” anakosea, na kosa lake ni la heshima.

Kuna na ukimya wa sheria. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya kwetu yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa: Burigi-Chato, Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa. Sipingi hifadhi. Nimeona twiga na topi, na nataka wanangu nao wawaone. Lakini ndani ya hifadhi ya taifa huvui samaki, huchungi, hukati mafunjo. Kwa hiyo unapopigia picha ufukwe wa Ziwa Burigi na kusifu kwamba hauna mtu, kumbuka kwamba kutokuwapo kwa mtu ni uamuzi uliofanywa ofisini. Unaweza ukawa uamuzi mzuri, ila usiuite maumbile.

Nilimpelekea baba mdogo hoja hizi zote, nimezipanga vizuri kama mtu anayetetea tasnifu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananikera kwa sababu yana ukweli: “Mwanangu, ninyi mliosoma mnapenda umaskini wetu ubaki mzuri, mkija likizo mpate pa kupigia picha. Wewe mshahara wako unaingia mwisho wa mwezi. Mimi ufukwe huu unaniingizia nini?”

Hapo ndipo maandishi mengi ya aina hii hukimbia, na mimi nisingependa kukimbia. Baba mdogo hana bomba. Maji ya nyumba yake yanatoka katika ziwa hilo hilo, kwenye madumu ya lita ishirini yanayobebwa kichwani na wanawake na watoto. Kumwambia asiuze, halafu mimi nikapanda basi la alfajiri nirudi mjini kwenye bomba langu, ni unafiki. Hata hivyo, jibu la unafiki wangu si kumwachia dalali.

Kwanza, hauzi mchanga tu. Anauza na njia. Mkulima akiuza shamba la kahawa anauza jasho lake mwenyewe, lakini njia ya majini ni jasho la kijiji kizima. Nimeona Unguja jinsi inavyokwenda: njia ya kwenda pwani inabaki uchochoro kati ya kuta mbili za hoteli, na wanawake wanaolima mwani, kilimo cha biashara kilichoanza huko mwaka 1989, wanapita na magunia yao mbele ya vitanda vya watalii kana kwamba wao ndio wageni. Nenda mbali zaidi, hadi Karibi, tunakoambiwa ndiko mfano wa ufukwe bora ulimwenguni. Kisiwa cha Barbuda ardhi yake ilikuwa mali ya wote, na sheria ya mwaka 2007 ilithibitisha hivyo. Septemba 2017 kimbunga Irma kikakipiga, wakazi wote wakahamishwa kwa muda. Kabla hata hawajamaliza kurudi na kuezeka, serikali ilikuwa inaibadili sheria ile ili ardhi iweze kumilikiwa na mtu binafsi. Watu walikuwa katika Januari yao, na mwenye fedha taslimu akafika. Ile nayo ni butura.

Pili, sheria tunazo, ila zinatazama sura. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kwetu mita sitini inajulikana na kila mtoto, kwa sababu ndiyo inayotajwa mtu akilima vitunguu karibu na maji. Mkulima wa vitunguu anang’olewa. Sasa huyu wa Dar anayetaka “kipande kinachogusa maji” anataka kugusa maji kwa sheria ipi? Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji. Uuzaji wa faragha, kwa simu ya dalali, kwa fedha ya kutanguliza, hautoshi. Dalali analijua hilo, ndiyo maana ana haraka.

Tatu, na hili ndilo nililomjibu baba mdogo: anayetaka kuendeleza ufukwe aanze na bomba. Mtu akija na nyumba za wageni wakati waliozunguka ziwa bado wanagombania maji na kiboko, huyo haendelezi kitu, anajenga ukuta kati ya kiu na maji. Njia ibaki wazi, ipimwe na iandikwe kwa upana wake. Wenye mitumbwi wawe wa kwanza kulipwa kwa kumtembeza mgeni, na mgeni alale nyumba za kijiji. Baba mdogo akodishe eneo lake nje ya mita sitini kwa mkataba uliosomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, wenye mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Hayo si ndoto. Ni yale yale tunayoyadai kwenye kahawa: usiuze ikiwa maua, ngoja iive, uza ukiwa unaijua bei.

Nawe unayesoma haya ukiwa na picha kama yangu kwenye simu yako, sikuzuii kwenda. Nenda, kaa, oga kama wenyeji wamekwambia pana usalama, maana kiboko na mamba hawasomi vibao. Ila muulize mwenye mtumbwi jina lake na umlipe. Uliza ziwa linaitwaje kabla hujalifananisha na lolote. Na ukishindwa kuiona njia ndani ya picha yako, usiiweke hadharani bado.

Mimi ile picha nimeifuta, ingawa najua imeshasambaa. Jina la kijiji sitalitaja hapa. Baba mdogo hajachukua fedha ya kutanguliza, wala hajaikataa. Amesema atasubiri mkutano wa kijiji, uliopangwa baada ya mavuno, na dalali amempigia mara tatu tangu hapo. Bibi amesema atakuja mkutanoni, na atakuja na dumu lake. Nami nimeshaomba likizo.