Jina Likibaki, Maana Ikiondoka



Kusini-mashariki mwa Ayalandi, katika kaunti ya Kilkenny, kuna kijiji kidogo kiitwacho Inistioge. Kimekaa ukingoni mwa mto Nore, penye daraja la mawe lenye matao kumi. Wapenzi wa ushairi hukitaja kwa sababu ya Mary Tighe, malenga wa Kiingereza aliyefariki hapo mwaka 1810 na kuzikwa papo hapo. Utenzi wake, Psyche, ulimvutia Keats katika ujana wake.

Leo naomba tumwache Tighe apumzike, tulitazame jina la kijiji. Inistioge ni jina la Kiayalandi, Inis Tíog, lililoandikwa jinsi sikio la Kiingereza lilivyolipokea. Inis ni kisiwa. Ni malisho ya kando ya mto pia. Aijuaye lugha hiyo, akilisikia jina, huyaona maji na majani. Asiyeijua husikia sauti tu.

Kabla ya kufika kijijini, Nore hupokea maji ya mto mdogo upitao mji wa Callan. Huko aliishi mwalimu, Amhlaoibh Ó Súilleabháin, ambaye tangu mwaka 1827 hadi 1835 aliandika shajara kwa Kiayalandi: hali ya hewa, mimea, ndege, chakula, na dhiki ya maskini. Akiwa bado anaandika, mwaka 1831 ukaanzishwa mfumo wa shule za taifa zilizofundisha kwa Kiingereza. Mwaka 1845 ikaanza njaa kuu, iliyoua na kuhamisha umati wa wasemaji wa lugha ile. Na kulikuwa na kijiti alichovishwa mtoto shingoni: kila alipotamka neno la Kiayalandi kilikatwa alama, kisha alama zikahesabiwa kwa viboko.

Wapo wasemao kwamba lugha huzeeka ikafa kama mtu. Sikubaliani nao. Kiayalandi kilikuwa na washairi hodari karne nyingi, na ushairi wao haukukikinga. Lugha huanza kufa siku mtoto anapofunzwa kuionea haya. Katiba ya mwaka 1937 ilikitambua Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, na vibao vya barabarani huonyesha majina kwa lugha zote mbili. Ni jambo jema. Hata hivyo, mazungumzo ya kila siku pale Inistioge ni ya Kiingereza.

Ningependa kuwalaumu walimu wa kijiti, lakini ulimi unakuwa mzito. Nilipokuwa mwalimu kijana, nami niliwavisha wanafunzi kibao kwa kosa la kusema lugha za mama zao, nikidhani hivyo ndivyo Kiswahili chao kitakavyonyooka. Nyuma ya shule ulipita mto wenye jina la lugha yao. Wao walijua maana yake. Mimi sikuwauliza hata siku moja.

Kwa hiyo rai yangu ni ndogo. Kabla hujatunga shairi jingine la kukisifu Kiswahili, mwulize mzee mmoja maana ya jina la mto, kilima au kijiji chenu, uiandike, na tarehe uitie, kama alivyofanya mwalimu wa Callan. Kiswahili hakitapungukiwa kitu kwa kuipokea maana hiyo.

Mimi nimekwisha kuanza. Juzi niliwaandikia wawili kati ya wale niliowavisha kibao, nikiwauliza jina la mto ule lina maana gani. Nasubiri jibu.