Insulini haina "rudisha pesa": nesi anayesomea kwa simu anahitaji zaidi ya bando

"Mama, nitumie mia mbili ya bando, kuna masomo ya kliniki nataka kupakua." Wengi wenu mmepata ujumbe kama huu kutoka kwa mtoto anayesomea unesi, na mkatuma. Leo tungependa kuongea juu ya kile hiyo mia mbili inanunua, sana sana kwa upande wa kisukari, kwa sababu huyo mwanafunzi ndiye kesho atamdunga baba yako sindano.

Msimamo wetu ni huu: simu inaweza kumfunza mwanafunzi kumhudumia mgonjwa wa kisukari, lakini pale tu programu inapomwachia nafasi ya kukosea. Noti zilezile za darasani zikiwekwa kwenye simu zinabaki kuwa noti, na sasa zinakula chaji.

Hili tumelijua kwa njia ngumu. Kwa miaka tumewatumia SMS: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Muulize mteja wetu yeyote, atakukariria. Kisha tapeli anapiga simu jioni, ana haraka, ati pesa zimeingia kwako kimakosa, na mteja yuleyule anaitaja. Hakukosa kujua. Alikosa mazoezi ya kufikiri akiwa amebanwa.

Wodini ni vivyo hivyo. Saa tisa usiku, mgonjwa aliyedungwa insulini jioni na akashindwa kula anaanza kutoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Mwanafunzi anaweza kudhani ni malaria, au ni uzee tu. Programu nzuri inamleta mgonjwa huyo kwenye skrini na kuuliza: unaanza na nini? Jibu ni kupima sukari mara moja. Mashine ikisoma 2.8, hiyo ni chini ya 4, sukari imeshuka. Kama yuko macho na anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari ya haraka, kama vijiko vinne vya chai kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kama amezimia, hakuna kumtilia kitu mdomoni. Msaada uitwe haraka na atiwe sukari kupitia mshipa.

Sasa, mwanafunzi akibonyeza "mpe insulini", programu isimwandikie tu "si sahihi" na kumpeleka swali linalofuata. Mgonjwa azidiwe hapo hapo mbele yake. Heri mgonjwa wa skrini.

Kuna kosa moja ambalo sisi watu wa nambari linatutia baridi. Daktari anaandika kwa mkono "10u", akimaanisha uniti 10. Ile "u" ikikaa vibaya inasomeka kama sifuri, na uniti 10 zinakuwa 100. Ndiyo maana wauguzi hufunzwa kuandika neno "uniti" kwa ukamilifu, kutumia sindano ya insulini badala ya ile ya kawaida, na kumwita mwenzao athibitishe dozi kabla ya kudunga. Ukituma 10,000 badala ya 1,000, unaona jina na kiasi kabla ya kuthibitisha, na hata ikishatoka unaweza kutuomba tujaribu kuirudisha. Insulini ikishaingia mwilini hairudi. Zoezi la kuhesabu dozi na kusimama kuuliza mtu wa pili ndilo tungetaka lirudiwe kwenye simu mara hamsini, hadi mkono uzoee.

Wauguzi wa Kenya si wageni wa mambo haya. Mwaka 2005, Amref pamoja na Baraza la Wauguzi na washirika wengine walianzisha masomo ya kompyuta ya kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma. Hiyo ni miaka miwili kabla M-PESA haijazinduliwa! Baadaye Amref wakaleta Jibu, programu ya simu ya kuwafunza wahudumu wa afya. Kwa hivyo swali la kama nesi anaweza kusoma kwa simu lilishajibiwa zamani.

Kilichobaki ni gharama. Video nzito zinazohitaji mtandao wa kasi zinamfaa mwanafunzi wa mjini. Aliye kwenye mafunzo ya wodini mashinani anasoma nini mtandao ukipotea? Masomo yapakuliwe mara moja, yawe mepesi, yafanye kazi bila mtandao, na chuo kilipie data ya masomo ya lazima. Hapa tunajisemea vibaya, kwa maana bando ikinunuliwa kupitia kwetu nasi tunapata kitu. Hata hivyo, hatuoni haki mwanafunzi akose somo la insulini kwa sababu salio limeisha.

Na kuna mambo simu haiyawezi. Haiwezi kumfunza kuinama, kumvua mzee soksi na kuangalia katikati ya vidole kama kuna kidonda ambacho mwenyewe hakisikii. Haiwezi kubishana kwa upole na shosho anayesema ameacha dawa kwa kuwa sasa anajisikia vizuri. Hapo mwalimu asimame pale pale wodini. Chuo kinachopunguza walimu kwa sababu kimenunua programu kinawapunja wagonjwa.

Kwa hivyo ombi la bando likija tena, tuma, lakini muulize programu inaitwaje na kama ni chuo kilichompa. Aipakue kutoka duka rasmi la programu, si kwa linki iliyotumwa kwenye kikundi. Asiweke humo picha wala jina la mgonjwa, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata akiwa mwanafunzi. Na ikimuuliza namba ya siri ya pesa zake ili "kufungua somo", aifute na atupigie simu siku hiyo hiyo.