Ati "Sinema ya Baiskeli Tu"?

Wasee mnaosema Bicycle Thieves ya De Sica (1948) inaboo, ati haina rangi na stori nzima ni baiskeli, tulieni. Bila hiyo baiskeli Antonio hana kazi. Bibi yake alipeleka mashuka rehani ndio waikomboe. Siku ya kwanza kazini, ikaibiwa! Hapa Kaloleni, mwenye nduthi ya mkopo hahitaji kuelezewa.

Mwishowe Antonio mwenyewe anajaribu kuiba, umati unamshika mbele ya mtoto wake. Mwenye baiskeli anasema aachiliwe.

Sisi tungeitisha tairi na petroli. Mwizi akishikwa stejini, nani kati yetu husema "mwacheni"? Jibuni hiyo kwanza, halafu tuongee mambo ya rangi.